Skrini ya Mapokezi na Shamba Lililoondolewa

KITUO CHA POLISI, CHUMBA CHA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mwenye duka, anajulikana kwa jina la Mama Sidii, ambalo ndilo lililoandikwa pia juu ya mlango wa duka lake
Jinsia na umri: Mwanamke, miaka 47
Kazi: Kuuza na kutengeneza mashine za gemu
Makazi: Chumba cha nyuma ya duka hilo hilo
Kuhusu: Uharibifu wa mali katika ofisi ya huduma kwa wateja
Tarehe: 17 mwezi wa tatu, Jumanne. Kuanza kuandikwa: saa tisa na robo alasiri

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kuwa nikidanganya kwa makusudi naweza kushtakiwa, nami nimeelewa. Nitaeleza nilichokiona na pia nilichokifanya, kwa sababu nami nimo.

Nimekuwa na duka la gemu kwa miaka kumi na tisa. Ni chumba kimoja. Upande mmoja yuko fundi saa, upande wa pili wanauza mapazia. Zamani kuta tatu zilijaa sidii mpaka karibu na dari, mteja akitaka ya juu kabisa napanda kigoda. Siku hizi nimebaki na rafu moja. Msambazaji aliyekuwa akiniletea alinipigia simu mwaka juzi akasema haleti tena, maana watengenezaji wenyewe wamepunguza kuzitoa na nyingine hawazitoi kabisa. Boksi likija sasa, ukilifungua unakuta kikaratasi chenye namba. Unaingiza namba kwenye mashine, gemu inashuka kutoka mtandaoni. Fundi saa hunitania, "Mama Sidii, siku hizi unauza maboksi ya hewa." Nami humwambia yeye anauza saa wakati kila mtu anatazama simu. Tunacheka, kila mtu anarudi kwenye meza yake.

Mtuhumiwa namfahamu vizuri. Alinifundisha hesabu nilipokuwa msichana, na mpaka leo namwita Mwalimu na kumwamkia shikamoo hata akinikuta na bisibisi mdomoni. Ana miaka sabini na moja, amestaafu. Mkewe namwita Mama. Alikuwa mshonaji. Gauni langu la harusi alilishona yeye, na ndoa ilipovunjika aliniambia, "Lakini gauni lilikaa, mwanangu, usilisingizie."

Miaka mitatu iliyopita Mama alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakapotea. Alikuwa akielewa kila kitu ila hawezi kusema. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alimwambia Mwalimu atafute kitu cha kuvishughulisha vidole kila siku, kitu ambacho mgonjwa mwenyewe atakipenda. Cherehani hakuitaka. Aliiona akageuza uso. Basi Mwalimu akaja dukani kwangu, akasimama mbele ya rafu kama mtu aliyepotea njia, akasema, "Mwanangu, nipe yoyote isiyo na bunduki."

Nilimpa gemu ya shamba. Mchezaji anapanda, anamwagilia, anafuga. Kila mnyama unaweza kumpa jina kwa kuchagua herufi moja moja kwa kidole gumba. Ilikuwa ya sidii, na mashine yenyewe ilikuwa ya sidii.

Miezi ya kwanza kidole gumba hakikukubali. Mwalimu alikishika kwa kidole chake wakabonyeza pamoja. Halafu siku moja alasiri Mama aliandika jina la kuku wake wa kwanza, na kazi hiyo ilimchukua kuanzia chakula cha mchana mpaka jua kushuka. Aliandika Sindano. Alipomaliza akalitazama, akalisoma kwa sauti. Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya miezi mitano. Mwalimu alikuja dukani kesho yake asubuhi kabla sijafungua, nikamkuta mlangoni, akaniambia, "Amesema sindano."

Baada ya Sindano wakaja Pindo na Kifungo. Nilikuwa nikipita kwao kila Jumapili kusafisha mashine vumbi, kwa hiyo haya nimeyaona mwenyewe. Alikuwapo mbuzi mmoja aliyekuwa akiruka uzio kila siku na kula maboga. Huyo Mama alimwita Wifi, kwa heshima ya mdogo wake Mwalimu. Jumapili moja intaneti ilizima, Mwalimu akasema, "Wifi imekatika." Mama akajibu, "Afadhali." Halafu akacheka mpaka pedi ya kuchezea gemu ikamwangukia mapajani, na sisi tukacheka kwa sababu alikuwa amefanya mzaha, na mtu hafanyi mzaha kama hayupo. Kufikia mwaka jana alikuwa na wanyama zaidi ya mia, na aliweza kusema sentensi nzima, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Sasa nafika kwenye sehemu yangu.

Mwezi wa sita mwaka jana mashine yao iliharibika. Jicho linalosoma sidii lilikufa. Nilitafuta kipuri kwa wiki tatu sikupata, maana mashine za aina ile hazitengenezwi tena. Mashine mpya iliyokuwapo haina mahali pa kuingiza sidii kabisa. Nilimshauri Mwalimu aichukue. Nilimfungulia akaunti, akainunua ile gemu upya mtandaoni, nami nikalihamisha shamba la Mama kutoka kwenye mashine ya zamani likafika salama, mpaka Wifi. Mwalimu aliniuliza kama haitapotea. Nilimjibu hivi: "Mwalimu, sidii inakwaruzika, inavunjika, inaibwa. Hii haipotei, iko hewani, ni yako milele." Naomba afande ayaandike maneno hayo kama nilivyoyasema. Ni yangu.

Ile sidii yao niliichukua, pamoja na mashine iliyoharibika, ambayo niliifumua kwa ajili ya vipuri. Mwezi wa kumi na moja nilipopunguza rafu nilijaza sidii zilizokosa wateja kwenye magunia manne nikawapa wanaokusanya plastiki. Ya Mama ilikuwamo.

Mnamo tarehe 3 mwezi wa pili mwaka huu, Mwalimu alinipigia simu kuwa kuna tangazo kwenye skrini. Nilikwenda nikalisoma. Lilisema mkataba kati ya kampuni inayouza na waliotengeneza ile gemu umekwisha, na kuanzia tarehe 1 mwezi wa tatu gemu itaondolewa. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, wanamaanisha haitauzwa tena kwa wapya, aliyekwisha kununua hawezi kunyang'anywa. Hilo nalo nilikosea.

Tarehe 1 mwezi wa tatu saa nne asubuhi walifungua mashine wakakuta picha ya shamba imewekewa alama ya kufuli. Ukiibonyeza inaandika kwamba maudhui haya hayapatikani. Nilipiga simu ya huduma kwa wateja. Sauti ya mashine iliniambia nibonyeze moja, kisha tatu, kisha nisubiri, kisha simu ikakatika. Nilipiga mara sita. Nikatuma barua pepe. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, likisema mteja hakununua gemu bali leseni ya kuitumia, na leseni hiyo yaweza kusitishwa kwa mujibu wa masharti aliyoyakubali. Kuhusu shamba lenyewe walisema haliwezi kutolewa nje ya gemu.

Masharti hayo niliyakubali mimi kwa niaba yao. Nilibonyeza "Nakubali" bila kusoma, kama ninavyofanya kwa kila mteja. Mwalimu alikwenda kuyachapisha, kurasa sitini na moja, akayasoma yote kwa siku nne akiwa na kalamu nyekundu. Aliniita akanionyesha. "Tazama hapa," alisema. "Kwenye risiti wameandika kununua. Huku ndani, kurasa zote hizi, neno kununua halimo hata mara moja. Mwanafunzi akinifanyia hivi nampa sifuri."

Sikukaa bure. Niliulizia sidii nyingine ya gemu ile kwa kila ninayemjua. Nikaipata kwa mwanamke mmoja anayeuza vitu vya mtumba, imekwaruzika lakini inasoma, na nikaazima mashine ya zamani kwa mteja wangu. Mnamo tarehe 9, saa nne asubuhi, niliwafungia mashine hiyo sebuleni kwao. Gemu ilifunguka, muziki ukalia ule ule. Lakini shamba lilikuwa jipya. Ardhi tupu, visiki na mawe, kama siku ya kwanza. Shamba la Mama limebaki ndani ya akaunti, na ndani ya akaunti hatuingii.

Mama alishika pedi akazunguka kule tupu kwa muda mrefu. Alikwenda mahali palipokuwa banda la kuku. Akasimama pale. Kisha akasema, "Wamehama." Akaiweka pedi mapajani.

Nilimwambia, "Mama, tutaanza upya. Nitakuwa nakuja kila siku." Tangu siku hiyo, kwa maelezo ya Mwalimu, alianza tena kuonyesha vitu kwa kidole. Akitaka maji anaonyesha kikombe. Mtaalamu wa hospitali alipoelezwa alisema wamtafutie gemu nyingine. Walijaribu mbili. Hakuzigusa.

Leo tarehe 17, saa tatu asubuhi, Mwalimu alipita dukani akiwa na Mama. Amevaa koti lake la shule na zile kurasa ziko kwenye bahasha. Alisema kampuni ina ofisi ya wakala hapa mjini, nimsindikize kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua lugha ya mashine. Nilimshauri Mama abaki kwangu apumzike. Mama mwenyewe alitikisa kichwa akatangulia mlangoni na fimbo yake. Nilifunga duka.

Tulifika kwenye ofisi hiyo saa nne na dakika kumi. Iko ghorofa ya pili, lifti ilikuwa inafanya kazi. Mapokezi pana viti sita, kaunta ndefu, na kwenye ukuta wa kushoto skrini kubwa karibu upana wa kitanda, inaonyesha gemu mpya bila kupumzika. Mlangoni alikuwapo mlinzi mmoja. Tulichukua namba tukasubiri dakika ishirini.

Msichana wa kaunta alitupokea kwa adabu. Mwalimu alimpa namba ya akaunti. Akaitafuta kwenye kompyuta, akasema, "Mzee wangu, hiyo gemu siioni kwenye akaunti yako."

Mwalimu akasema, "Ndiyo maana tumekuja. Ilikuwapo."

"Kwenye mfumo hapa inaonyesha haipo."

"Iliyokuwapo ikaondolewa na isiyowahi kuwapo, mfumo wako unazitofautishaje?"

Yule binti alitazama skrini yake tena, akasema, "Hautofautishi." Akaomba samahani akaenda kumwita msimamizi.

Msimamizi alikuja, mwanaume wa miaka kama thelathini na tano hivi. Naye hakuwa na ubaya. Mwalimu alizipanga zile kurasa juu ya kaunta akauliza swali moja: alinunua nini. Msimamizi alisema alinunua haki ya kutumia. Mwalimu akauliza, mpaka lini. Msimamizi akasema, mpaka itakapoondolewa.

Mwalimu akasema, "Sawa, gemu ni yenu. Sibishani. Lakini shamba amelilima mke wangu kwa mkono wake. Hao wanyama majina yao hakuyatoa mtu wa kampuni. Nitolee basi hata orodha ya majina kwenye karatasi, nitaondoka."

Msimamizi alisema hana uwezo huo. Aliiweka mikono yake miwili juu ya kaunta, mitupu, akasema, "Mzee, mimi hapa nauza na kupokea malalamiko tu. Hivyo vitu viko mbali, hata mimi sijui viko nchi gani. Nikiandika ombi, anayejibu ni mashine." Nilimwamini. Mimi mwenyewe nilikwishajibiwa na mashine hiyo. Akasema kitu pekee anachoweza ni kumpa Mwalimu namba ya gemu nyingine bure, achague, na akaielekezea mkono ile skrini ukutani.

Hapo ndipo Mama aliposimama. Alikuwa amekaa kiti cha mwisho. Alikuja mpaka kaunta akaanza kusema. Alisema, "Mimi..." Halafu likakwama. Tulisubiri. Mwalimu amezoea kusubiri, na mimi pia. Msimamizi alisubiri kidogo, kisha akasema kwa upole, "Ndiyo, mama, unataka gemu gani?" Mama akajaribu tena, "Mimi si..." Msimamizi akasema, "Si hii? Basi nyingine." Simu yake ikalia, akainua kidole kumwomba Mama asubiri, akageuka pembeni kuipokea.

Mama alimtazama mgongo. Akatembea mpaka kwenye ile skrini. Nilidhani anaitazama.

Alibadilisha fimbo kutoka mkono wa kushoto akaishika kwa wa kulia, akaiinua, akaipiga skrini katikati. Alipiga mara mbili. Pigo la pili ndilo lililoipasua. Picha iliingia weusi kuanzia juu. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano kwa saa ya ukutani.

Msimamizi alikuwa ametupa mgongo. Binti wa kaunta hakuwa amerudi. Mlinzi alikuwa amemshikia mtu mlango. Mwalimu alikimbia, sijawahi kumwona akikimbia, akaichukua ile fimbo mkononi mwa Mama, akamsogeza nyuma yake. Mlinzi alipogeuka alimkuta Mwalimu ameishika fimbo mbele ya skrini iliyopasuka. Mwalimu akasema kwa sauti ya darasani, "Ni mimi. Nimefanya mimi." Mlinzi akamkamata. Kamera ya pale, kwa maelezo ya mlinzi huyo huyo, inatazama mlango.

Polisi walifika saa tano na nusu. Walipokuwa wakimwingiza Mwalimu kwenye gari alipita karibu nami, akasema chini chini bila kunitazama, "Wewe ulikuwa unatazama simu yako." Hivyo ndivyo alivyokuwa akitusaidia zamani mtu anaposhindwa ubaoni, anakunong'oneza jibu akipita.

Nakiri kwamba nilikusudia kusema hivyo hivyo. Tulikaa mimi na Mama kwenye benchi la hapo nje kuanzia saa saba. Mama alimwambia afande wa mapokezi, "Mimi." Afande akamjibu, "Subiri, mama, mumeo yuko salama." Akasema tena, "Mimi," akijigusa kifua. Afande akamletea maji. Aliyasema hayo kwa maafisa watatu tofauti. Wa tatu aliniuliza mimi kama mama huyu anatumia dawa.

Nilimwambia Mama, "Mwachie Mwalimu. Yeye ataweza kujitetea. Nitasema sikuona." Mama alinishika hapa kwenye kiwiko. Alihangaika muda mrefu na midomo yake, nami sikumsaidia neno, kwa sababu huwa hapendi. Mwisho akasema, "Hata hili... mnanichukulia?"

Nimekaa na swali hilo mpaka nilipoitwa humu ndani.

Nimeulizwa na afande kama nina uhakika ni nani aliyevunja skrini. Nina uhakika. Ni Mama. Mwalimu hakugusa kitu zaidi ya fimbo. Nimeulizwa kama Mama alijua anachofanya. Alijua. Nimeulizwa kama najua kwamba maneno haya yanaweza kumtoa Mwalimu mahabusu na kumwingiza mkewe. Najua. Nimefikiri pande zote sijaona mahali pa kusimama. Nikisema sikuona, Mwalimu anafungwa kwa jambo ambalo hakulifanya, na Mama anahesabiwa kuwa si mtu wa kutenda jambo. Nikisema niliona, namshtaki mwanamke aliyenishonea gauni.

Nimeuliza na mimi. Nilimuuliza afande kama ninaweza kufungua shauri la kuibiwa shamba, kwa niaba yao. Afande amefungua daftari lake akaniuliza kitu kilichoibwa kina umbo gani, kilikuwa kimehifadhiwa wapi, na mwenye nacho anaweza kuonyesha uthibitisho upi kwamba kilikuwa chake. Nimeshindwa kujibu maswali yote matatu. Afande amefunga daftari. Simlaumu.

Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba msimamizi yule nilimwona baadaye akifagia vioo mwenyewe, na alikuwa analia au alikuwa na mafua, sikuweza kujua.

Nilichoona na kufanya ni hiki, nimesomewa, nimekiri kuwa ni maneno yangu, hakuna lililoongezwa wala kupunguzwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)
Saa kumi na dakika arobaini jioni

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo wa zamu, kama yalivyotolewa, na kumsomea shahidi kwa lugha anayoielewa. Baada ya hapo nilimwita mke wa mtuhumiwa nikamwandika maelezo yake. Sentensi zake nne zilichukua dakika hamsini. Sikumkatiza. Amekiri kosa, na amekataa katakata iandikwe kwamba alikuwa mgonjwa. Kampuni imearifiwa na imesema inaendelea na shauri.

Nilikwenda mahabusu kumjulisha mume. Nilimwambia mkewe amekiri na kwamba yeye anaweza kwenda. Aliniuliza kama mkewe alizungumza mwenyewe. Nilimjibu ndiyo. Aliniuliza kama nilimwelewa. Nilimjibu kwamba nilimwelewa kila neno. Alikaa chini sakafuni akajifunika uso, na mpaka natoka zamu, saa kumi na mbili jioni, mlango ukiwa wazi, alikuwa bado hajatoka.